Kuku wa Hedi

Malava nzima ilijua kwamba Navalayo hafungi hedi ya trekta, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, bila kuku. Ungempelekea trekta yako ya kubebea miwa ikitoa moshi mweupe na kumeza maji, angeifungua, angeisafisha, angeitia gasketi mpya na kuifunga vizuri. Lakini siku ya kuiwasha ilikuwa lazima uje na ingokho, kuku wa kienyeji, mzima mzima, achinjwe na apikwe kwenye kibanda cha chakula kilichopakana na gereji, huku injini ikinguruma pembeni. Kuku akiiva, injini huzimwa, nanyi mnaketi kumla na obusuma, ugali wa huku, pole pole, mnapiga gumzo mpaka birika la chai liishe. Hapo Navalayo huinuka, huchukua spana yake ndefu, na kuzipitia bolti zote mara ya mwisho bila kusema na mtu. Akimaliza hukwambia, "Haya, nenda salama."

Watu walisema ni baraka. Wale wa kupenda kuongeza chumvi walisema ni zaidi ya baraka, na kila msimu wa miwa walizua sharti jipya. Mara jogoo mwekundu ndiye anayefaa injini yenye turbo, mara kuku mweupe huvuta maji kwenye silinda, mara mwenye trekta ndiye ale firigisi la sivyo hedi itapasuka. Kuhusu firigisi kulitokea ubishi mkali mwaka ule Chemutai wa Chekalini alipoleta trekta yake kwa mara ya kwanza, maana Wakabras wa hapa Malava hawajazoea kumwona mwanamke akipewa firigisi mbele ya wanaume. Navalayo aliikata kesi hiyo kwa kijiko: aliopoa firigisi kwenye sufuria na kuiweka kwenye sahani ya Chemutai. Wanaume walitazama kando. Kuku wa gereji ana sheria zake, walisema, na wakaendelea kula.

Jambo moja tu halikuwa na ubishi. Hedi zilizofungwa na Navalayo zilikaa. Injini za trekta za miwa si za mchezo, hasa hizi kubwa zenye turbo ambazo watu wamekuwa wakizinunua kuukuu na kuzifungia trela mbili kwa pamoja. Turbo husukuma hewa ndani kwa nguvu, dizeli huongezwa, na moto unaowaka kwenye silinda hutaka kuinua hedi nzima itoke pale juu. Kinachouzuia ni bolti, na kipande chembamba cha gasketi kilicholala kati ya hedi na bloku, chenye kazi ya kutenganisha moto, maji na mafuta visionane. Vikionana, safari imekwisha. Mafundi wengine pale barabarani walifunga hedi zikarudi baada ya wiki. Za Navalayo hazikurudi, na jina hilo ndilo lililomlisha. Hakuwa na shamba la maana, mume alikuwa amekwisha kufa, na binti yake alikuwa ameolewa mbali huko Trans Nzoia. Alikuwa na mabati manne yaliyoinuliwa juu ya nguzo, sanduku la spana, na jina.

Alianza kwa kuuza chai. Gereji ile ilikuwa ya Mzee Yasin, mtu wa Matungu, mrefu mkavu, ambaye hakuingia mahali bila kutoa salamu kamili hata kama ndani hamna mtu. Navalayo alikuwa msichana wa kuzungusha birika. Mzee Yasin aliona kwamba hakosei kikombe cha nani kina sukari ngapi, akamwambia siku moja amshikie bolti za hedi na kuzipanga kwa mpangilio zilivyotoka. Alizipanga. Kesho yake akampa nyingine. Haukupita muda mrefu birika likapata mtu mwingine, na Navalayo akawa na mafuta hadi kwenye viwiko. Alifundishwa kulaza rula ya chuma juu ya hedi na kutazama mwanga unaopita chini yake, kujua hedi iliyopinda inayotakiwa kwenda Kakamega mjini kuchongwa uso, kukaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo kwa mizunguko, na kuisikiliza spana ya kipimo inavyolia tak ikifika nguvu iliyopangiwa. Na alifundishwa kuku. Kuku kwanza, alisema mzee, kisha kukaza mara ya mwisho. Tena awe wa kienyeji. Mtu akileta kuku wa kizungu mrudishie.

Kwa muda mrefu Navalayo aliamini kama watu wengine. Kilichomfumbua macho ni mwezi wa Ramadhani. Mzee Yasin alikuwa amefunga, haonji hata maji, lakini mwenye trekta aliambiwa vilevile alete kuku, apikwe, amle. Mzee alikaa pembeni ya injini iliyozimwa, na kila baada ya muda akaweka kiganja juu ya hedi kama mama anayepima homa ya mtoto. Kiganja kilipostahimili kukaa pale, akainuka na spana. Navalayo alikuwa karibu. Aliona bolti zile zile walizozikaza jana yake mpaka spana ikalia, sasa zinasogea tena.

"Mzee," akamwambia baadaye, "kumbe tunangojanga injini ipate moto halafu ipoe. Si kuku."

Mzee Yasin alicheka mpaka akashika ubavu. Akamweleza kwamba gasketi mpya hailali mpaka ionje moto. Ikilala, inapungua unene kiasi cha ukucha wa mtoto mchanga, na bolti zinabaki zimelegea bila mtu kujua. Ndiyo maana lazima zirudiwe ikishapoa.

"Kwa nini usiwaambie hivyo?"

"Wallahi nimejaribu, binti yangu. Mwenye trekta ukimwambia ngoja, atakwambia miwa inakauka. Ukimwambia kula, atakaa. Na kuku wa kienyeji haivi upesi." Akapangusa machozi ya kicheko. "Nyamaza tu. Wewe sasa unajua."

Navalayo alifurahi kuambiwa. Lakini ukweli ni kwamba ilimuuma pia, kuwa na yeye alikuwa amezungushwa kama wenye trekta, miaka yote ile, wakati angeelewa tangu siku ya kwanza. Hakumwambia mzee. Mzee Yasin aliporudi kwao Matungu kuzeeka, na hatimaye kuzikwa, Navalayo alibaki na gereji na siri, na aliilinda siri ile kuliko spana. Kusema kweli aliipenda. Ilikuwa raha kusimama mbele ya wanaume wenye mashine kubwa, ukawaambia keti, wakaketi.

Msimu uliopita Chemutai aliirudisha trekta yake. Huyu Chemutai ni mjane wa ukoo unaolima mahindi kule Chekalini, upande wa Lugari. Mahindi yakishavunwa, trekta huteremka huku Kabras kubeba miwa, na dereva ni mwanawe, Kipkoech. Kijana mchapa kazi, mcheshi, lakini mguu wake mzito na mkono wake hauna subira. Alikuwa ameikoroga pampu ya dizeli ili injini ivute zaidi, gasketi ikaungua kati ya silinda mbili. Navalayo alimkemea kwa hilo, akairudisha pampu ilipokuwa, akapeleka hedi mjini ikachongwa, akafunga kwa mkono wake. Hakuna alichokosea. Hilo alilijua siku ile na alilijua baadaye.

Siku ya kuwasha, Chemutai alifika asubuhi na mapema, Kipkoech akiwa ameshatangulia gereji. Mawingu yalikuwa mazito upande wa msitu, na alishuka kwenye boda boda akiwa tayari amekunja uso. Alikuwa na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, mkubwa kweli, na mfuko wa unga.

"Fundi, habari ya asubuhi. Huyu hapa jogoo wako," alisema, akimkabidhi. "Lakini leo hatuna nafasi ya kukaa. Miwa imelala shambani tangu juzi, na mvua ikinyesha trela hazitatoka kwa hiyo tope. Wewe mle na watu wako, sisi tushukuru. Kipkoech, washa twende."

"Mama Kipkoech, hapana. Huyu analiwa hapa. Na wewe ukiwa hapa."

"Si nimekuletea? Tena nimechagua mwekundu. Kuku ni kuku, Fundi, hata akiliwa na nani."

Walikuwapo watu. Walikuwapo madereva wawili waliokuja kuomba grisi, mwenye kibanda na mwiko wake mkononi, na waendesha boda waliokuwa wakisubiri abiria. Navalayo alifungua mdomo. Maneno yalikuwa mepesi: gasketi haijalala, bolti zitalegea, niachie mpaka alasiri. Lakini kuyasema mbele ya watu wote wale ilikuwa kusema pia kwamba kuku hana kazi, na kwamba yeye na Mzee Yasin walikuwa wamewakalisha watu na kuwalisha firigisi miaka yote kwa hila. Akasema tu, "Mama, desturi ni desturi."

"Mungu atatusamehe hiyo moja," akajibu Chemutai, na hata Navalayo akajikuta amecheka pamoja na wengine. Kipkoech akapiga moto, injini ikaitika vizuri, safi, bila moshi, wakaondoka.

Navalayo alibaki amemkumbatia jogoo. Alijaribu kufanya kazi nyingine, akaisafisha pampu ambayo ilikuwa safi. Akampigia Kipkoech simu, ikalia bila kupokelewa. Kwenye trekta husikii hata radi. Akampigia mama, simu imezimwa. Kila alipoketi aliiona ile gasketi ikipata moto na kulala, na zile bolti zikibaki hewani, na nyuma yake trela mbili za miwa mibichi. Mchana haujafika, alichukua spana ya kipimo, akaifunga kwa kanga, akapanda boda boda kufuata njia ya shambani.

Aliikuta trekta kwenye kilima kinachopanda kutoka mtoni. Hakuhitaji kuuliza. Ilikuwa imelala upande, nusu ndani ya miwa, mvuke ukitoka kwenye bomba la moshi. Trela ya nyuma ilikuwa imepinduka, miwa imetapakaa barabara nzima. Kipkoech alikuwa ameketi kwenye nyasi, shati limelowa damu kutoka kwenye paji la uso, mtu mmoja akimshikia chupa ya maji. Alieleza mara moja tu. Injini ilianza kukosa nguvu katikati ya kilima, ikapiga kama risasi, ikazimika. Trela zikamvuta nyuma. Breki hazikushika. Alikata usukani kuelekea kwenye miwa kwa sababu upande wa pili kulikuwa na wakata miwa wameketi kunywa uji.

Navalayo aliutazama upande ule wa pili. Vikombe vya uji vilikuwa bado pale kwenye nyasi. Akashika tairi.

Watu walikuwa wameshajaa, na walikuwa wameshaelewa kila kitu kwa namna yao. "Kuku hakuliwa," alisema mzee mmoja, na jambo likapita kutoka mdomo hadi mdomo kwa haraka. Walimpokea Navalayo kwa heshima kuliko siku zote. Mmoja alimpisha njia. "Fundi alisema. Tulisikia akisema, lazima aliwe pale." Navalayo akaelewa kwamba jina lake halijaguswa hata kidogo. Kinyume chake, kuanzia siku ile hakuna mwenye trekta kutoka Malava hadi Webuye ambaye angethubutu kuondoka gereji bila kula. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

Kisha akamwona Chemutai. Alikuwa amekuja mbio kutoka shambani, kitambaa cha kichwa kimeanguka mabegani. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mwanawe akimpangusa damu kwa upindo wa gauni, na alipomwona fundi hakumlaumu. Ingekuwa afadhali angemlaumu.

"Ni mimi, Fundi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Uliniambia. Nikafanya haraka, nikafanya mzaha na jina la Mungu. Nimeponza mtoto wangu kwa mkono wangu. Niambie nilete nini. Nilete kondoo? Niambie tu, nitaleta."

"Mama, wacha," Kipkoech alisema, kwa haya.

"Nyamaza wewe. Ningekuzika leo."

Navalayo alikuwa amewahi kuona watu wakilia. Hakuwahi kuona mtu akijibebesha mzigo usio wake kwa moyo wote namna hii, na kumtazama yeye, yeye hasa, ili amsaidie kuufunga vizuri mgongoni. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Bado hata hivyo, na hili lazima lisemwe, alitafuta mlango wa kutokea. Angeweza kusema ni pampu, kwamba kijana ameikoroga tena. Alisogea, akaitazama. Pampu ilikuwa kama alivyoiacha. Kipkoech, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa amesikia alilokatazwa.

Akaifungua kanga, akatoa spana. Hakuna mtu anayekaza injini yenye moto vile, na haikuwa na maana tena kukaza. Alitaka tu kitu cha kushika.

"Mama Kipkoech, inuka," alisema. "Hujaponza mtu. Kuku hana kazi."

Mtu aliyeshika chupa ya maji akaishusha.

"Hana kazi yoyote. Mwekundu, mweupe, ni sawa. Injini ikifungwa upya lazima ipate moto, halafu ipoe, halafu bolti zikazwe tena, kwa sababu zinalegea. Tulikuwa tunawaitisha kuku ndio mkae. Basi. Leo hamkukaa, na mimi sikusema ni kwa nini mkae. Nilijua inaenda na bolti zitalegea njiani, na nikaiacha iende."

Mzee yule aliyesema habari ya kuku alicheka kidogo, akidhani ni mzaha, kisha akaacha. Mtu nyuma akasema, "Kumbe tumeliwa kuku bure," na pengine wakati mwingine ingewavunja mbavu. Chemutai alikuwa amesimama. Alimtazama Navalayo kama mtu anayejaribu kumkumbuka ni nani.

"Ungeniambia hivyo asubuhi," alisema, "ningekataa kungoja?"

"Sijui, Mama. Wengi hukataa."

"Hata mimi sijui. Miwa ilikuwa inakauka." Akaokota kitambaa chake. "Lakini ulinipimia akili, ukaona haifiki. Mwanamke mwenzangu. Nimesoma, nimeendesha shamba peke yangu, nimekula hiyo firigisi yako kama mtoto."

Navalayo akaanza kuifunga spana tena kwa kanga. Alikuwa na kumbukumbu ya msichana aliyeona bolti zikisogea mwezi wa Ramadhani na kuumia moyoni kwa sababu hii hii. Hakuitaja, kwa kuwa isingemsaidia Chemutai na kitu.

Wiki zilizofuata gereji ilipoa. Wengine walikwenda kwa mafundi wengine, wakisema wasichopenda ni kudanganywa. Wengine, na hili lilimshangaza, walikuja na kuku wao vilevile na kukasirika alipowaambia si lazima. Navalayo aliipokea hali yote bila kulalamika. Alilala vibaya. Alipopita kwenye kilima kile alishuka na kutembea, ingawa hakujua kutembea kungebadilisha nini.

Trekta ya Chemutai ilivutwa hadi Malava, na hakuna aliyesema ipelekwe kwa nani. Ilirudi tu pale. Navalayo alifanya kazi yote upya kwa gharama yake. Chemutai hakufika wala kupiga simu. Lakini asubuhi ya kuwasha alishuka kwenye boda boda, mikono mitupu, akamsalimia kwa ufupi, akavuta kiti cha mbao karibu kabisa na injini. Injini ilipata moto, ikazimwa, ikaanza kupoa. Alikaa muda wote ule, na Navalayo akakaa upande wa pili, wote wawili wakiitazama hedi. Wakati ulipofika Navalayo aliweka kiganja, akakiacha, akachukua spana.

"Nipe," alisema Chemutai.

Navalayo alimwonyesha bolti ya kuanzia, ile ya katikati, na namna ya kushika mpini. Jana yake Navalayo alikuwa ameikaza bolti hiyo mbele ya macho ya Kipkoech mpaka spana ikalia. Chemutai alikanyaga ardhi vizuri, akavuta. Bolti ikasogea. Ilisogea kidogo tu, lakini ilisogea, na spana ikachelewa kulia. Alisimama na mpini mkononi.

"Siku ile zilikuwa hivi?"

"Zilikuwa hivi."

"Zote?"

"Zote, Mama."

Chemutai aliinamisha kichwa juu ya injini, na kwa muda haikujulikana kama anatazama bolti au amefumba macho. Kisha akaitoa spana pale, akaiweka kwenye ya pili, akavuta.